Mapovu Kwa Kichwa ya Joash

Mimi si mwoga. Pale Magunga uliza mtu yeyote, chui wawili wa mbuga ya Ruma walinipisha njia nikiwa na mwiko tu. Lakini hii ilinishinda.

Jumanne asubuhi nilikuwa nakunywa chai na ndugu yangu Joash, tunamcheka jogoo ya jirani. Kikombe ikamtoka. Mdomo ikaenda upande moja, mkono ikakufa. Nikambeba mgongoni kilomita kumi mpaka lami, sikuhema.

Hospitali huko Homa Bay, daktari Mourine akaleta mashine mpya. Akamdunga dawa ya mapovu, madogo hata jicho haiwezi ona. Akampaka mafuta baridi kando ya jicho, akabonyeza kifaa hapo. Kwa skrini mishipa ya kichwa ikatokea kama mti, unaizungusha mpaka unaona nyuma.

"Mzee, mapovu yanafuata damu. Mahali yanakwama, hapo ndipo tunatibu. Baada ya dakika tano yanaisha. Tukichelewa, tunampoteza."

Dakika tano ikapita. Kumi ikapita. Mapovu yakaongezeka. Yanapanda, yanasimama. Yanapanda, yanasimama.

Vile mtu hupumua chini ya maji.

Joash akanishika shati. Na ule mkono ulikufa.

"Ni Willis," akanong'ona.

Willis ni mdogo wetu, yule alijikata mguu na panga akiwa mtoto. Alizama ziwani mwaka jana. Tulimtafuta siku mbili, mwili haikupatikana. Tukazika tunda ya yago badala yake, vile sisi Wajaluo hufanya. Joash ndiye alisema tuache kutafuta.

"Siku ya tatu nilitoka na boti peke yangu, nikamsikia, owadwa, ndugu yangu. Ameshikilia jerikeni. Ananiita jina. Mawimbi ilikuwa kubwa. Nikageuza boti."

Daktari akanong'ona, "Hakuna mahali damu imekwama. Sasa haya yanatoka wapi?"

Akazima mashine. Akang'oa waya. Skrini ikabaki inawaka.

Mimi, mwanaume wa kuogopewa location nzima, nikapiga magoti. "Willis, mwachilie. Nitamwaga hilo ziwa lote na ndoo. Nitakupata. Leo. Naapa."

Mapovu yakasimama.

Nikasema asante Yesu.

Joash akakohoa. Akafungua mdomo. Akatapatapa. Kitandani, kwa shuka kavu, saa sita mchana. Akazama. Mikono yangu imemshika.

Niliingia mochari mwenyewe kumwosha. Nikamvua soksi. Soksi kavu. Lakini miguu ilikuwa nyeupe, imekunjamana, ngozi inabanduka, kama imekaa majini mwaka mzima. Kwa kidole gumba kuna kovu ya panga. Hiyo kovu naijua, ni mimi nilifunga kitambaa.

Joash hakuwahi kukatwa na panga.