Mkali Vipi?

Kila akitoka shule, Kidoti alivua sare, akavaa aproni na kuingia buchani kumsaidia mama yake. Siku hiyo alifuta meza kwa hasira. Darasani walikuwa wamemzomea kwamba mama yake huwapiga watoto kwa bapa la panga. Uongo mtupu! Mama huyo hata inzi alimfukuza kwa kitambaa.

Akaingia Sindano, rafiki yake wa chanda na pete, mtoto wa fundi cherehani, bado amevaa sare, mkoba wa shule begani.

"Shikamoo, mama. Nimeagizwa nusu kilo."

"Marahaba, mwanangu."

Panga likashuka, pwaa! Mfupa mnene ukagawanyika kama mkate. Sindano akamnong'oneza Kidoti, "Lo! Mama yako mkali!"

Weee! Kidoti hakungoja neno la pili. Ngumi ikatua puani. Damu ikamchuruzika Sindano mpaka kwenye sare, naye hakuwa mtu wa kupigwa akanyamaza: akamvuta mwenzake nywele, akamng'ata bega. Wakabiringishana sakafuni, mateke kwa makucha. Meza ikatikisika, kisu kikaanguka, na kiganja cha kulia cha Sindano kikatua juu ya makali yake. Alipiga yowe la kutisha.

Mama akawashika kola, mmoja huku, mwingine kule. Akaosha jeraha, akamimina spiriti.

"Mkono wa kuandikia huu!" Sindano alilia. "Na mtihani ni kesho!"

Kidoti alikimbia kuleta bandeji.

"Kunja vidole," mama akasema. Vikakunjika vyote. Mama akashusha pumzi, akafunga bandeji. "Haya, Kidoti, amekufanya nini?"

"Amesema wewe mkali!"

"Mkali wa kukata nyama!" Sindano alifoka. "Nilikuwa namsifia mama yako, we mwehu!"

Mama akaokota kisu. "Hiki kikali, kimemkata. Spiriti kali, imemchoma. Mwalimu wenu mkali, kesho atawauliza jeraha hili limetoka wapi. Na anayeiweza kazi yake, naye mkali. Neno ni hilohilo, mwanangu, wewe ukachagua maana ya kupigania. Usipoelewa, uliza kwanza. Ungeuliza, mkono huu ungekuwa mzima."

Kidoti akaomba radhi huku akilia, kisha akambebea rafiki yake mkoba na nyama hadi kwao. Njiani Sindano alipapasa pua iliyovimba.

"Ila wewe mkali, bwana."

Kidoti akakunja ngumi, kisha akaikunjua.

"Mkali vipi?"

"Wa ngumi. Ukirudia, nitakuonyesha mkali wa kung'ata."