Nilitamka "Imeuzwa" Kabla Sijashika Hela

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, nilipoandika kwenye simu neno moja lililomhamisha dada yangu kutoka nyumbani kwake. Neno lenyewe ni fupi... "Imeuzwa!"

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka hamsini na mbili. Nimezaliwa Maguu, kwenye kahawa, na sasa naishi Mbinga mjini nikifanya kazi ya ufundi wa injini. Shule niliishia darasa la saba. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilinunua vitabu chakavu, nikanunua na kamusi ya kunisaidia kuvisoma, kisha nikawa nafungua pampu na mashine mbovu na kuzifunga tena, huku nikichora kila nati mahali pake. Ni mtu wa kuandika kila kitu. Nilijiona siwezi kuchezewa akili na mtu yeyote. Nilijidanganya!

Kuna jambo jingine lazima mlijue. Kwa miaka kumi na moja mimi ndiye ninayenadi mazao ya sadaka pale kigangoni kwetu. Misa ya mavuno ikiisha, watu wanakaa nje, ninashika jogoo, au mkungu wa ndizi, au debe la mahindi, ninapaza sauti: mara ya kwanza... mara ya pili... imeuzwa! Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tatu, maana anayemnunua anamrudisha anadiwe tena. Asiye na hela mfukoni anataja bei yake na kuleta Jumapili inayofuata. Katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyeshindwa kuleta, na wiki haikuisha mke wake akaja nayo mbio, amejifunika kanga usoni kwa aibu.

Basi mimi nikaamini kwamba bei iliyotajwa mnadani ni sawa na hela iliyolipwa. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Miaka miwili iliyopita nilianzisha kundi la mnada kwenye simu. Mtu analeta picha ya kitu chake, ninatangaza bei ya kuanzia na saa ya kufunga, watu wanapandishiana. Tulifika wanachama mia mbili na kumi na wanne, wengi nisiowajua kwa sura. Tuliuza cherehani, baiskeli, betri za sola. Ni kweli mara mbili mshindi aliingia mitini. Sikujali. Vilikuwa vitu vidogo, na mimi nilikuwa nafurahia kuitwa Mzee wa Mnada.

Mdogo wangu, Osmunda, aliolewa Kihagara, kule ziwani. Mumewe, marehemu Kastori, alikuwa na boti ya kusafirisha watu na mizigo. Alipofariki, boti ilikuwa imeshaoza, ila injini ilikuwa nzima, ya nguvu za farasi kumi na tano. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiihudumia. Ukoo wa mumewe ulikaa kikao ukaamua injini ni ya mjane na watoto wake watatu.

Osmunda alikuwa na mpango mmoja tu. Pale kijijini Mzee Hyera alikuwa anauza mashine yake ya kusaga, anahamia Tunduru kwa watoto wake. Bei ilikuwa milioni mbili na laki nne. Osmunda aliniambia, "Kaka, nikiipata ile mashine nabaki hapahapa. Watoto watasoma hapa, kaburi la baba yao liko hapa. Nisipoipata, nitapanda huko kwenu kuwa mzigo."

Shemeji yetu Alanus, mdogo wa marehemu, alitaka kuichukua injini kwa milioni moja na laki nane, taslimu, siku ileile. Nilimcheka! Nilimwambia mbele ya watu, "Shemeji, hizo ni bei za kijijini. Mwachie fundi aipeleke mnadani." Alivaa kofia yake, akaondoka.

Nikaibeba injini hadi Mbinga, nikaisafisha, nikaipiga picha sita.

Jumamosi ile watu walipandisha kama wamelogwa. Kuanzia milioni mbili walibaki wawili. Mmoja ni Mama Zuhura, mwenye duka la vifaa Mbamba Bay, mwanamke ninayemfahamu. Yeye alifika milioni mbili na nusu akasimama. Wa pili alijiita Bosi Jumla, alisema yuko Makambako. Akaandika milioni mbili, laki sita na nusu. Nikatangaza mara ya kwanza, mara ya pili... imeuzwa!

Hazikupita dakika tano Mama Zuhura akanipigia. "Kaka, huyo mtu unamjua?"

Nikamjibu simjui, lakini mnada ni mnada.

"Mimi hela ninayo kwenye kanga hapa. Huyo mwenzangu hata kusalimia hajasalimia."

Nikamwambia kwa sauti ya kiongozi kwamba mnada ukifungwa umefungwa. Akacheka. "Haya, Mzee wa Mnada. Mimi sikai na hela ikaoza."

Kisha nikampigia dada yangu. Nilimwambia injini imeuzwa, nikamtajia bei. Alipiga kigelegele, halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo linaniamsha alfajiri.

"Kaka, hela umeishika?"

Nikasema, "Ni kama nimeishika."

Ni kama! Wasomaji, mtu anayepima uwazi wa plagi kwa kipimo cha nywele anawezaje kumwambia mjane "ni kama"?

Jumatatu Osmunda alitoa akiba yake yote kwenye kikoba, laki sita, akampa Mzee Hyera malipo ya awali. Mimi nilishuka Kihagara kusimamia. Mzee Hyera hakutaka maandishi, alisema neno linatosha. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania! Nikatoa kalamu, nikaandika mkataba wenye vipengele saba, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kipengele cha tano kilisema hivi: mnunuzi akishindwa kumaliza deni ndani ya siku kumi na nne, malipo ya awali hayatarudishwa. Niliona ni sentensi nzuri. Mzee Hyera aliisoma mara mbili, akasema, "Mwanangu, wewe ungekuwa hakimu."

Nilimlinda yule mzee kwa maandishi, mimi niliyemwachia mtu wa Makambako aende na neno tupu...

Sasa nisikilizeni. Sababu za Bosi Jumla niliziandika zote kwenye daftari, kwa siku na saa. Jumamosi, benki imefungwa. Jumatatu, mtandao unasumbua. Jumatano, amefiwa na shangazi. Nikampa pole. Ijumaa, amefiwa na shangazi. Nilipomuuliza kama ni shangazi mwingine, akajibu, "Mzee wangu, ukoo wetu ni mkubwa."

Osmunda alikuwa akipiga kila jioni. Nilimwambia mambo yanakwenda vizuri. Nilimdanganya ndugu yangu wa tumbo moja siku tisa mfululizo! Si kwamba nilitaka kumwumiza. Niliona aibu.

Jumatatu ya pili Bosi Jumla akasema tukutane Songea kesho yake, aje na hela mkononi, nije na injini. Nikaifunga injini kwa blanketi, nikalipia mzigo kwenye basi. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa stendi, nimeilaza kando yangu. Saa tano akasema amepita Madaba. Saa saba akasema basi limepata pancha. Wapagazi walikuwa wamenizunguka.

"Mzee, mgonjwa wako anaumwa nini?"

"Mwacheni, anamsubiri daktari kutoka Makambako!"

"Daktari gani haji na saa tisa imefika? Mzikeni tu!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilijifanya nasoma ujumbe. Saa tisa na nusu simu ya Bosi Jumla ikazimwa. Nililipia mzigo tena, nikarudi Mbinga na mgonjwa wangu.

Alhamisi akajitokeza kama hakuna kilichotokea. Hakuomba hata samahani. Aliandika: "Mzee wangu, hali ngumu. Nikupe moja na laki mbili tumalize?"

Ndipo nikaelewa! Alitaja bei kubwa ili kuwafukuza wenzake. Alijua mwenye mali akishatangaza ameuza, wanunuzi wa kweli wanaondoka, na akishasubiri wiki mbili atakuwa na njaa. Nilimwandikia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, nikamtoa kwenye kundi.

Nilikwenda hata polisi. Askari wa zamu alinisikiliza kwa upole, akaniuliza, "Mzee, amechukua nini chako?"

Injini ninayo. Hela hakuchukua, kwa sababu hakutoa wala hakupokea. Nitamshitaki mtu kwa kunisubirisha?

Jumamosi nikainadi tena. Safari hii wengi walikaa kimya, na mmoja akaandika, "Si uliiuza hii? Ina ubovu gani?" Aliyeshinda alitaja milioni mbili na laki moja. Nilipompigia anilipe akasema alikuwa anapima bei ya soko tu, ana mpango wa kuuza ya kwake. Anapima bei! Kwa mali ya yatima!

Jumapili baada ya misa nikapiga magoti ya moyo, nikampigia Mama Zuhura. Hakunicheka. Alisema alishanunua injini nyingine Nkhata Bay, upande wa pili wa ziwa, tangu wiki ya kwanza. "Nilikuambia, kaka. Mimi sikai na hela."

Jumatatu ilikuwa siku ya kumi na nne. Nilishuka Kihagara na injini. Kwanza nilikwenda kwa Mzee Hyera. Nikamwamkia, shikamoo, nikaomba wiki mbili zaidi. Aliingia ndani, akarudi na karatasi, akaikunjua taratibu.

"Mwanangu, hii ni ya nani?"

"Ni mwandiko wangu, baba."

"Mimi nilisema neno linatosha. Wewe ukasema halitoshi. Sasa kuna mtu kutoka Ngumbo ameleta hela yote jana, nikamwambia ngoja siku ya watu iishe. Inaisha leo. Na zile laki sita nimeshalipia lori la kunihamisha."

Kila nukta kwenye ile karatasi niliiweka mimi.

Osmunda nilimkuta ufukweni anaanika usipa. Nilimweleza yote, tangu Jumamosi ya kwanza, bila kuficha shangazi hata mmoja. Hakulia. Aliendelea kuwatawanya wale dagaa kwa mkono, safu baada ya safu. Kisha akasema:

"Kaka, ungeniuliza mimi. Mimi sikusoma vitabu. Lakini usipa wangu haujawahi kutoka kwenye beseni kabla hela haijaingia kwenye fundo la kanga. Hata akinunua paroko."

Jioni ile Shemeji Alanus aliichukua injini kwa milioni moja na laki nne na nusu, isiyotosha kumaliza deni la mashine. Nilimkumbusha ile milioni moja na laki nane ya mwanzo. Akasema, "Shemeji, ile ilikuwa bei ya kijijini. Hii ni bei ya baada ya mnada." Watu wakacheka, na mimi nilistahili.

Mashine ya kusaga inanguruma hadi leo pale Kihagara, mikononi mwa yule mtu wa Ngumbo. Dada yangu na wanawe watatu wanaishi kwangu Mbinga, kwenye vyumba viwili vya uani. Anauza usipa sokoni. Mtoto wake wa mwisho aliniuliza juzi ni nani anayepalilia kaburi la baba. Nilisema Baba Mdogo Alanus. Nilitoka nje...

Ndugu zangu mnaouza mtandaoni, nawasihi! Nyuma ya simu hakuna jirani anayekutazama wala mke wa kukuletea hela mbio. Anayetaka kupandisha bei atangulize kitu kidogo kinachomuuma. Mimi sasa nadai sehemu ya kumi kabla mnada haujafunguliwa, na wanaoniuliza "Mzee, hutuamini?" nawajibu bila aibu: siwaamini. Aliyeshika nafasi ya pili usimwage, mwombe asubiri kidogo, maana huenda ndiye mnunuzi wako wa kweli. Mali isisogee hata hatua moja kabla ya malipo. Na ukiulizwa kama hela umeishika, kuna majibu mawili tu, ndiyo au hapana. Aliye na mjane au yatima nyuma ya bei yake na azingatie mara mbili.

Nimepiga hesabu kwa uangalifu. Zile milioni mbili, laki sita na nusu za Bosi Jumla sizihesabu, kwa sababu hazikuwahi kuwa hela. Nahesabu za Mama Zuhura, zilizokuwa kwenye kanga, nikizilinganisha na alizotoa shemeji: tofauti ni milioni moja na elfu hamsini. Naongeza laki sita za kikoba. Naongeza nauli na mizigo, Kihagara, Mbinga, Songea na kurudi, elfu tisini na mbili. Dada yangu amepoteza shilingi milioni moja, laki saba na elfu arobaini na mbili.