Koti la Mwalimu Mfuko

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kioo alikuwa na kazi ya kuokota pini. Shangazi yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi. Alipokuwa akishona, pini zilimdondoka ovyo kama makombo ya mkate. Basi Kioo alifunga sumaku kwenye uzi, akaiburuta sakafuni taratibu, chini ya meza, chini ya kiti, mpaka pembeni mwa cherehani. Pini ziliirukia sumaku na kuning'inia kama ndevu.

"Usisahau chini ya kabati," shangazi alisema huku amebana pini nyingine midomoni.

"Shangazi, ukimeza hizo, kesho nitakuburuta wewe."

"Mdomo wako huo, mwanangu. Haya, nenda shule," shangazi alijibu, na mabega yakamtikisika kwa kicheko.

Mdomo huohuo ndio uliompa jina. Msichana huyu alijua kuiga watu. Aliweza kumwiga mlinzi wa lango akisinzia wima, au mwalimu mkuu akisafisha koo kabla ya kugomba. Aliyeigwa akitazama, alijiona mwenyewe mzimamzima. Ndiyo maana wenzake walimwita Kioo, na jina lilimkaa kama ngozi.

Mwalimu wao wa sayansi naye alikuwa na jina la utani, Mwalimu Mfuko. Walipokuwa darasa la nne, alikuja kila siku na koti la kahawia lenye mifuko miwili mikubwa. Kabla ya kugusa chaki, aliupigapiga mfuko mmoja na kuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye siri, "Leo kuna nini?" Darasa zima lilibahatisha. Jiwe. Chura. Meno ya bandia. Kisha alitoa kijiko kinachogeuza uso wako juu chini ukijitazama, au mbegu iliyoanza kuchipua. Siku moja alitoa jongoo mzima, na Kijiti, mvulana mwembamba aliyekaa dawati moja na Kioo, alijikuta juu ya dawati kabla hajajua amefikaje. Katika kitu hicho kimoja somo zima lilizaliwa.

Sasa walikuwa darasa la sita, na mifuko ilikuwa kimya. Madarasa mawili yalikuwa yameunganishwa baada ya mwalimu mmoja kuhama, na wanafunzi walibanana madawatini kama njiti ndani ya kiberiti. Mwalimu Mfuko aliingia akiburuta miguu, akaketi, akafungua kitabu, akasema, "Andikeni." Wanafunzi waliandika. Hakuna aliyejiuliza amepatwa na nini.

Siku moja, mwalimu alipochelewa kidogo, Kijiti alimgusa Kioo kiwiko. "Hebu tufanyie Mwalimu Mfuko."

Kioo hakuhitaji kubembelezwa. Alivaa sweta kubwa la mwenzake lenye mifuko, akaburuta miguu hadi mbele, akajibwaga kitini. Akaupigapiga mfuko. "Leo kuna nini?"

"Kuna nini?" darasa liliitikia.

Kioo aliutoa mfuko nje, mtupu, ukaning'inia kama ulimi. Akapiga mwayo mrefu hata machozi yakamlenga. "Kuna mwayo," alisema. "Andikeni."

Darasa lilivunjika mbavu. Kijiti alipiga dawati kwa ngumi. Kisha kicheko kikaanza kufa, dawati baada ya dawati, na Kioo akageuka kutazama mlangoni.

Mwalimu Mfuko alikuwa amesimama pale, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti.

"Umesahau kikohozi," alisema kwa upole. "Nikishasema andikeni, huwa nakohoa."

Hakuna aliyecheka. Kioo alirudi mahali pake huku uso ukimwaka. Alitamani agombezwe, afukuzwe, apewe adhabu yoyote. Mwalimu hakumpa. Alifungua kitabu, akasema, "Andikeni," kisha akakohoa.

Kesho yake alikuja bila koti.

Siku chache baadaye, Kijiti alirudi kutoka ofisi ya walimu, alikopeleka madaftari, akiwa amenyong'onyea. "Ameomba aondolewe darasani," alisema. "Nimemsikia akimwambia mwalimu mkuu. Anataka kukaa stoo, atunze vitabu. Amesema hana kitu tena cha kutupa. Tutakuwa tunajisomea wenyewe mpaka apatikane mwingine."

"Na apatikane wapi?" Kioo aliuliza.

"Mimi nitajuaje? Si wewe uliyemwiga?"

"Wewe ndiye uliyeniomba."

"Nilikuomba utuchekeshe. Sikukuomba umfukuze."

Kioo aligeukia dirishani. Tangu siku ile alikuwa ameazimia kwenda kuomba radhi. Lakini kila alipoufikia mlango wa ofisi ya walimu, miguu ilimpitiliza kana kwamba ametumwa kwingine.

Jumamosi alitoka kuteka maji akaingia chumba cha mbele. Juu ya meza ya shangazi kulikuwa na koti la kahawia. Lilinuka chaki.

"Ni la mwalimu wenu," shangazi alisema. "Ana maajabu mtu huyu. Wateja wengine huniletea mfuko uliotoboka nizibe tundu. Yeye anataka mdomo wenyewe ushonwe, mifuko yote miwili. Nikamwuliza, sasa mikono utaiweka wapi? Akasema mikono yake haina cha kutafuta humo tena."

Mfuko wa kushoto ulikuwa umekwisha kushonwa. Nyuzi zake zilikuwa zimenyooka na imara, kama kazi zote za shangazi. Alikuwa akiligeuza koti ili aanze wa kulia.

"Shangazi, ngoja."

Kioo alisimulia yote, na safari hii hakumwiga mtu. Alisimulia kwa sauti yake mwenyewe, akitazama sakafu, hadi akafika kwenye kikohozi. Shangazi alitoa mguu kwenye kikanyagio cha cherehani.

"Na mimi ninayo sehemu yangu," alisema. "Ulipowaiga majirani hapa, nilicheka. Sikukuuliza hata mara moja kama mwenyewe angecheka."

"Basi usiushone huo mwingine."

"Koti si langu wala si lako. Lakini fundi hafungi mfuko kabla mwenyewe hajahakikisha hamna kitu ndani. Utampelekea wewe. Mwambie autazame kwanza."

Kioo alifikiri kidogo, kisha macho yakaenda kwenye sumaku iliyoning'inia msumarini. "Naomba niazime hiyo. Na pini."

"Pini zangu zirudi," shangazi alisema, akamwongezea pakiti moja nzima.

Jumatatu Kioo alimkuta Mwalimu Mfuko stoo, akifuta vumbi kwenye vitabu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kioo."

Kumbe alilijua hata jina hilo. "Shangazi ameshona mfuko mmoja. Anasema huu mwingine utoe kwanza kilichomo."

"Humo hamna kitu."

"Kimo, mwalimu."

Mwalimu alilipokea koti, akashangaa linavyolemea upande mmoja. Akaingiza mkono polepole. Ilitoka sumaku, na pini zimeshikana kichwa kwa ncha, zikining'inia kama mnyororo.

"Nisamehe, mwalimu," Kioo alisema haraka, asije akapitiliza tena. "Niliona umechoka. Badala ya kukuhurumia, nikakufanya mchezo."

Mwalimu alikuwa ameinua sumaku usawa wa macho. "Hii ya chini haigusi sumaku," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Inashikwa na nini?"

"Na mwenzake."

"Nikimtoa mwenzake wa juu?"

Aliitoa ile ya juu, na mnyororo wote ukamwagika sakafuni. Wote wawili walipiga magoti kuziokota.

"Sikuumia kwa sababu uliongeza chumvi," mwalimu alisema akiwa bado chini. "Niliumia kwa sababu hukuongeza. Usiku ule nilijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilitia kitu mfukoni. Sikukumbuka."

"Mbona hukutuambia umechoka?"

"Nilikuwa nangoja mtu aniulize. Ujinga wangu huo." Alisimama, akajifuta magoti. "Hebu niige. Si yule wa juzi. Yule wa darasa la nne, siku ya jongoo."

Kioo alisita. Kisha akaupigapiga mfuko ambao hakuwa nao, akanong'ona, "Leo kuna nini?" Akatembea kati ya marundo ya vitabu, akainama kwa huyu, akamkonyeza yule, kiganja wazi, macho yaking'aa kana kwamba yeye mwenyewe ndiyo kwanza anamwona jongoo maishani. Mwalimu alimtazama bila kupepesa.

"Nilikuwa natembea hivyo?"

"Ulikuwa hukai, mwalimu."

Mwalimu Mfuko alivaa koti, akaenda kwa mwalimu mkuu. Alirudi darasani, ingawa si mara moja kama maji yanavyorudi kisimani baada ya mvua. Alianza na somo moja kwa wiki, na zamu ya kujaza mfuko wakaigawana wanafunzi. Madaftari walisahihishiana kwanza wao kwa wao. Saa aliyoiokoa, alikwenda kukaa nyuma katika darasa la mwalimu kijana wa hesabu, magoti yamegusa dawati, ili akumbuke utamu wa kufundishwa. Siku nyingine bado aliingia amechoka, lakini sasa alisema, "Leo nimechoka, nisaidieni," nao walimsaidia.

Shangazi alijitolea kuufumua ule mfuko wa kushoto. Mwalimu alikataa. Siku ya somo la sumaku aliliambia darasa sababu yake.

"Huu nauacha hivi," alisema. "Mwalimu akiishiwa, aseme mapema, kabla hajajishona mdomo. Na ninyi mkimwona mtu amepoa, muwe na heshima ya kumwuliza kabla ya kumcheka. Kioo hiki chetu kilisema kweli mara mbili. Mara ya kwanza kilinivua nguo, mara ya pili kilinivika koti. Kweli ni ileile. Mjifunze kuisema kwa namna ya pili."

Kisha, kwa mazoea, akaupigapiga mfuko wa kushoto. Vidole viliteleza juu ya mshono na kukosa mlango. Kioo aliinamisha uso, na ndivyo alivyofanya kila mara mkono ule ulipokosea mfuko. Mkono ukahamia kulia.

"Leo kuna nini?"