Makinda wa Akiba

Penalti ilikuwa imeshatolewa, mpira umeshawekwa kwenye kidoa, na Shomvi Kibena, mshambuliaji wa Mindu FC, alikuwa akimtazama kipa kama mtu anavyomtazama kuku wa sikukuu. Hapo ndipo kiti kilipoingia uwanjani.

Hakikuingia kwa fujo. Kiliteleza juu ya nyasi bila sauti, kikampita refa kwa heshima, kikasimama nyuma ya Shomvi na kusema kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri:

"Pole, ndugu mchezaji. Umechoka. Tafadhali kaa."

"Sijachoka," alisema Shomvi.

"Pole sana," kilijibu kiti, kikamgusa nyuma ya magoti. Akakaa.

Mashabiki wa Morogoro walikiita kitipole, kwa kuwa pole ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Kilimbeba Shomvi kukatiza uwanja hadi lango dogo lililo mkabala na benchi, upande wa milima ya Uluguru. Huko ilikuwapo Nyumba ya Mapumziko, ambako wachezaji waliochoka hupakwa tope baridi na kusomewa utabiri wa hali ya hewa mpaka mapigo ya moyo yatulie. Nafasi yake ilichukuliwa na Tosiri Mbegu, mwanamume wa miaka thelathini na minane ambaye, kusema haki, alikuwa amepumzika vya kutosha tangu ujana wake. Tosiri alipiga ile penalti. Mpira ulipaa, ukavuka jukwaa, na inasemekana ulipokelewa vizuri mtaa wa Kihonda.

Mwenye uamuzi huo hakuwa kocha. Kocha alikuwapo, ameketi na suti yake, lakini kazi zake kwa mujibu wa mkataba zilikuwa mbili tu: kupiga makofi, na kufukuzwa matokeo yakiwa mabaya. Aliyepanga kikosi ni Mpangazamu, mashine iliyofungiwa chini ya jukwaa kuu. Kila mchezaji alivaa soksipima, soksi zenye nyuzi zinazosoma damu, misuli na hofu. Soksi zikiwa kijani, mtu ni mzima. Zikiwa njano, aangaliwe. Zikianza kuwa nyekundu, kitipole kinatoka. Zamani, kabla ya mashine, beki mmoja wa kushoto alichezeshwa kila mechi, na za kirafiki, na za kuchangia madawati, mpaka siku goti lake lilipopasuka kwa mlio uliosikika jukwaani. Tangu hapo Mindu waliapa kwamba hakuna mchezaji atakayechoka tena. Waliapa, wakatimiza. Katika historia ya soka hakujawahi kuwa na timu iliyofungwa ikiwa imepumzika kiasi hicho.

"Katibu," alisema shabiki mmoja mnene aliyeitwa Kibopa, akiwa bado ameshika kichwa kwa ajili ya ile penalti, "leo tumepoteza mechi, lakini moyo wa Shomvi unapiga vizuri. Tumshukuru Mungu."

"Nyamaza, Kibopa."

"Nasema tu. Tuombe ligi itoe kombe la mapigo ya moyo."

Aliyemnyamazisha ni Semeni Kunambi, katibu wa tawi la Msamvu, mwanamke mwenye sauti inayoweza kusimamisha treni. Semeni hakuwa akimtazama Tosiri wala Shomvi. Alikuwa akitazama mwisho wa benchi, walikokaa vijana saba wenye jezi zisizo na jasho. Hao ndio makinda. Soksi zao zilikuwa kijani kama mchicha wa bustanini, mwaka wa tatu sasa. Wa mwisho kabisa, jezi namba thelathini na saba, alikuwa Chande Mluge, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

"Kitipole hakijawahi kuwatazama wale," alisema Semeni.

"Hawajachoka. Kiwatazame cha nini?"

"Zamu maana yake nini, Kibopa? Ulisoma bweni, ulideki. Zamu ya kudeki ilikuwa inazunguka viranja peke yao?"

Kibopa alifikiri. "Viranja hawakudeki kabisa."

"Basi ndiyo timu yetu. Viranja wanapokezana kula, na wadogo wanashika sahani. Huku si kuzungusha kikosi. Huku ni kuzungusha wazee, kama kuku wa kuchoma. Kinda hakomai kwa kutazama. Anakomaa kwa kupoteza mpira, kutukanwa na sisi hapa, kulia chooni, na Jumamosi inayofuata kurudi tena. Sasa nani amewahi kumtukana Chande? Hata nafasi ya kumtukana hatujapewa!"

Watu waliokuwa karibu walicheka. Semeni hakucheka. Kanuni ya ligi ilikuwa wazi: kinda akimaliza msimu wa miaka yake ishirini bila kugusa mpira katika kikosi cha kwanza, usajili wake unakufa, na hakuna timu nyingine inayoruhusiwa kumchukua. Ilitungwa ili kuzilazimisha timu ziwachezeshe vijana. Kanuni nyingi hutungwa kwa nia njema, kama maharage ya shule. Chande alikuwa na miaka ishirini, na msimu ulibakiza mechi moja.

*

Siku iliyofuata Chande alikwenda kumsalimia mama yake mdogo. Aliamkia, akaitikiwa, akakaa. Kisha akainuka na kulifungua kabati la vioo la sebuleni, akatoa kikombe chenye ua la dhahabu.

"Mama mdogo, hiki kimewahi kunywewa chai?"

"Kirudishe. Hivyo vikombe ni vya wageni."

"Mgeni gani?"

Vikombe vile vilikuwa vya mama mzazi wa Semeni. Alikuja padri, vikatolewa vya plastiki. Alikuja mbunge, akaharakisha kuondoka.

"Pale klabuni wananiambia mimi ni hazina," alisema Chande. "Wananipima kila asubuhi. Daktari anasema hajawahi kuona magoti mazima kama yangu. Yanapendeza, anasema, kama bado yako kwenye nailoni." Alikigeuza kikombe, akatazama chini yake. "Juzi mazoezini nilipewa pasi, mama mdogo. Nikaitazama. Mwili ulijua cha kufanya, lakini ulikuwa umesahau kwamba unaruhusiwa."

Akajimiminia chai katika kikombe cha wageni, akanywa yote, akakiosha, akakirudisha kabatini. Semeni alimwacha.

*

Ofisi ya Mhandisi Ambakisye ilikuwa chini ya jukwaa kuu, mlango mmoja na Mpangazamu. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kabla ya kila jibu, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kioo.

"Dada Semeni, karibu. Nadhani ni habari ya kijana."

"Ni habari ya vijana saba, Mhandisi. Mashine yako inawachukia?"

"Haina chuki. Haina hata mapenzi. Ina maziwa tu."

Alimkumbusha. Mpangazamu alipoletwa, alikuwa anajua hesabu na misuli, lakini hakujua Mindu ni nini. Hakujua kwa nini watu wazima hulia kwa sababu ya kona. Kwa hiyo klabu ilifanya sherehe iliyoitwa Siku ya Kunyonyesha. Wanachama walipanga mstari mbele ya kipaza sauti, kila mmoja akaieleza mashine jambo moja kuhusu timu, na yale maneno yakawa ndiyo maziwa yake. Mashine ilipima kila neno kwa uzito wa makofi yaliyofuata.

"Na makofi makubwa kuliko yote," alisema Mhandisi, akifuta miwani, "alipigiwa mwanachama mmoja wa Msamvu."

Alibonyeza kitu. Chumba kikajaa sauti ambayo inaweza kusimamisha treni:

"Wanamindu! Makinda wetu ndiyo akiba yetu! Na akiba haiozi!"

Yakafuata makofi, vigelegele, vuvuzela, na sauti ya Kibopa ikidai soda.

Semeni alisubiri vigelegele viishe.

"Nilikuwa nawasifia," alisema.

"Najua. Sisi sote tulipiga makofi. Lakini mashine haikusikia sifa, ilisikia kanuni. Akiba haiguswi mpaka siku ya shida kubwa. Tunapofungwa, inasema shida kubwa zaidi bado inakuja. Tunaposhinda, inasema hakuna shida. Na kuwaweka hakuna hasara, kwa sababu umeihakikishia kwamba hawaozi."

"Futa."

"Haifutiki. Mtoto akishanyonya, utayarudisha vipi maziwa? Ila kuongeza kunawezekana. Mwanachama wa siku ile anaweza kuiongezea neno, mara moja. Lakini chagua taratibu, dada yangu. Ukiipa neno moja la methali, inakwenda yenyewe kutafuta ndugu zake."

"Mimi nimezaliwa ndani ya methali, Mhandisi. Nipe hicho kipaza sauti."

Alimpa. Taa ndogo ya bluu iliwaka ukutani.

"Shikamoo, Katibu," alisema Mpangazamu. Walikuwa wamemfundisha adabu kabla ya yote.

"Marahaba. Nisikilize. Nilisema akiba haiozi. Nilikosea. Akiba huoza. Muulize yeyote aliyewahi kuweka mahindi ghalani na kuwakuta fukusi wanafanya mkutano mkuu. Akiba isiyotumiwa huoza!"

"Nimekusikia, Katibu. Akiba huoza. Je, akiba yetu imeanza?"

Semeni alimkumbuka Chande akiitazama pasi.

"Imeanza. Wanaoza pale benchi mbele ya macho yetu."

"Asante kwa taarifa," ilisema mashine, na taa ikazimika.

*

Mechi ya mwisho Mindu walikuwa wanaongoza mabao matatu kwa bila kabla ya mapumziko, jambo lililowashangaza hata wao. Wapinzani walikuwa wameshashuka daraja na nusu yao walikuwa wanacheka. Hapakuwa na hatari yoyote. Hata kocha alisahau kupiga makofi.

Kipindi cha pili kilikuwa kimekwenda kidogo pale mlango ulio chini ya jukwaa ulipofunguka, vikatoka vitipole. Si kimoja. Vilitoka saba, kwa mstari, kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaokwenda bwaloni. Refa alisimamisha mchezo. Vitipole havikwenda uwanjani. Viligeuka, vikaelekea mwisho wa benchi.

Uwanja mzima ulielewa kwa pamoja, na ulielewa vibaya.

"Makinda!" mtu alipiga kelele. "Wanaingizwa makinda!"

"Makinda! Makinda!" jukwaa la Msamvu likaitikia, na Kibopa akamkumbatia Semeni mpaka miguu yake ikaacha ardhi.

"Katibu, umewezaje? Saba kwa mpigo! Hii sasa ndiyo zamu!"

Semeni alikuwa analia na kucheka. Aliwaona vijana wakivua makoti ya mazoezi. Aliona Chande akiinama kukaza kamba za viatu, akizifungua, akizikaza tena, kama mtu anayesafiri mbali. Chande akainua kichwa, akatafuta jukwaani, akamwona, akainua mkono.

Kitipole kilisimama nyuma ya magoti yake.

"Pole, ndugu mchezaji," kilisema. "Tafadhali kaa."

Chande alikitazama. Aliitazama soksi yake, kijani kibichi. Akakaa, kwa kuwa alikuwa na adabu, na kwa kuwa katika miaka mitatu hakuwa amefundishwa kitu kingine.

Vipaza sauti vya uwanja vikafunguka.

"Ndugu Wanamindu," alisema Mpangazamu kwa sauti ya kiranja mkuu anayesoma majina baada ya sala, "imethibitishwa na Katibu wa tawi la Msamvu kwamba akiba yetu imeanza kuoza. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, huoza wote. Ili kuulinda mtungo, akiba yote inaondolewa leo. Tunawashukuru vijana hawa kwa usafi wao."

Lakini nani alisikiliza? Makelele yalikuwa makubwa. Watu walisikia jina la Katibu, wakashangilia zaidi. Vuvuzela zililia. Wale wa viti vya mbele waliopata maneno mawili matatu walidhani ni salamu za uongozi.

Semeni alisikia yote.

"Hapana," alisema. "Hapana! Sikusema hivyo! Mhandisi!" Sauti ile ambayo ingesimamisha treni ilitoka, ikafika safu ya tatu, ikamezwa na neno makinda lililokuwa likiimbwa na watu elfu thelathini.

Lango la kutokea lilikuwa upande wa milima, na hapakuwa na njia nyingine ya kulifikia isipokuwa kukatiza uwanja. Vitipole vikaingia kwenye nyasi kwa mstari, saba, taratibu. Wapinzani waliacha kucheka. Shomvi Kibena, aliyekuwa katikati ya uwanja, alipisha njia na, bila kujua afanye nini, akauweka mpira mbele ya kiti cha mwisho.

Chande alishusha mguu kuufikia. Kiti kikaukwepa mpira kwa uangalifu, maana kilikuwa kimebeba kitu dhaifu. Mpira ukabaki nyuma. Lakini Chande hakuupandisha mguu tena. Aliuacha ukiburuzika, njumu zikachana nyasi, na nyuma yake ukatokea mstari mweusi mwembamba, kutoka duara la katikati kuelekea lango dogo. Ndiyo alama pekee aliyowahi kuiweka katika uwanja wa Mindu. Jukwaa lilimpigia makofi na vishindo vya miguu.

Kitipole kilikuwa hakijafika langoni pale mashine ya kutunza nyasi ilipotoka kwenye kibanda chake, ikaufuata ule mstari mwanzo hadi mwisho, ikaushona vizuri na kumwagia maji. Refa akatazama, akaona uwanja uko sawa, akapuliza kipenga.