Aliyekaa Juu ya Mizani

Saa saba mchana, ghala la mazao likiwa halina mtu, mshale wa mizani ulipanda wenyewe.

Mpimaji alikuwa amekaa mlangoni akijipepea kwa kipande cha boksi. Alisikia kwanza mlio wa chuma, ule unaotoka gunia linapotuliwa, ndipo akageuka. Juu ya mizani hapakuwa na kitu. Mshale ulisimama kwenye kilo nne, ukakaa hapo kwa muda wa kumeza mate, kisha ukarudi chini. Ikabaki harufu ya mahindi yaliyolowa yakachacha.

"Uzee wa chuma," akajisemea.

Watu walimwita Mama Mizani, ingawa hakuwa mama wa mtu. Ulikuwa mji mdogo wa wakulima, barabara moja, ghala moja, mji ambao mtu akipiga chafya sokoni, mwenye shamba la mwisho humwitikia afya. Kila mavuno yalipita mbele ya macho yake, na macho yake hayakuwa na usahaulifu. Zaidi ya yote aliyakumbuka mavuno ya mdogo wake. Baba yao aliwagawia ardhi sawa kwa sawa, lakini upande wa mkubwa ulitoa mawe, wa mdogo ukatoa mahindi.

Siku hiyo hiyo mdogo mtu akaja na mkokoteni, tumbo la miezi saba mbele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Jua lote hili, na hali yako hiyo?"

"Nifanyeje, mwenzangu yuko shambani. Mwaka huu mahindi hatujui tuyaweke wapi." Akacheka, mkono tumboni. "Na huyu naye mateke kama punda."

"Mungu akuzidishie," Mama Mizani akasema, akicheka kwa meno tu. Rohoni kijiba kilishamkaba. Huyu kila kitu ni yeye, kila kitu.

Hapo akasikia sauti kutoka nyuma ya magunia, laini, kama ya mtu anayesema unga umemjaa mdomoni. "Nimpunguze?"

Akamtazama mdogo wake. Hakuwa amesikia lolote. Mama Mizani hakujibu. Wala hakukataa.

Gunia la kwanza lilipopandishwa, mshale uliishia nusu. Wakalifungua. Punje zilikuwa nzima kwa nje, ukizibonyeza zinapasuka, ndani hamna kitu. La pili vile vile, na la tatu. Mdogo mtu akalia, dada yake akampapasa mgongo akimwambia pole, na wakati huo huo akahisi kifuani ubaridi kama wa mtu aliyetoka juani akapata maji. Ubaridi huo ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye kuliko yote.

Tangu hapo kila mchana mshale ulipanda. Kilo kumi. Kumi na tano. Ishirini. Na kila alipokutana na mdogo wake njiani alimkuta amepungua, mashavu yameingia ndani, gauni linamning'inia kama limeanikwa. Majirani walisema ni mimba. Mama Mizani alijua ni lile lililomuuliza nyuma ya magunia, na kila siku alijiambia kesho litaacha lenyewe.

Mwezi ulipokwisha, mdogo mtu akaingia ghalani mikono mitupu, akishika ukuta.

"Dada," akanong'ona. "Mtoto hachezi. Tangu jana asubuhi."

Kabla Mama Mizani hajapata la kusema, ile harufu ikajaa ghala zima, mshale ukaanza kutetemeka na kupanda taratibu, na juu ya lile bamba la chuma lisilo na kitu kikasikika kisigino kidogo kikigonga, kikinyamaza, kikigonga tena, kama mtoto mchanga aliyelazwa chali anayetupa miguu yake.

Alimkalisha mdogo wake kwenye kiti cha mlangoni, akakimbia hadi kwa bibi mganga, ng'ambo ya mashamba ya alizeti. Bibi alimsikiliza bila kunyanyuka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Hilo halinywi damu, mwanangu. Linakula lile unalolimeza usilitamke. Moshi wangu litaucheka. Nenda ukamwambie mwenyewe, pale pale lilipokaa. Na usirudie kumeza."

Akarudi, akapiga magoti mbele ya mdogo wake.

"Nakuonea wivu," akasema. "Tangu utoto. Baba alikubeba begani, mimi nikabeba jembe. Uliponiambia una mimba nilikukumbatia ili usinione uso. Na humu ndani kitu kiliniuliza kikupunguze, nikanyamaza."

Mdogo mtu akajivuta nyuma kitini. "Siku zote hizi ulijua?"

"Nilijua."

Mizani ikatikisika, mshale ukazunguka mpaka mwisho ukapiga chuma, magunia yakaanza kuporomoka moja baada ya jingine kana kwamba kuna mtu anapita katikati yake akiyasukuma kwa mabega, vumbi likafunga mlango, na ndani ya vumbi hilo kitu kikalia kwa sauti ambayo mbwa wa mji mzima waliijibu.

Kisha kimya. Mdogo mtu akashika tumbo.

"Kacheza," akasema. Hakumwangalia dada yake.

Alizaliwa mtoto wa kike, mzima. Mama Mizani hakuitwa kumwona. Peke yake, akaishika amri ya bibi ya kutomeza. "Baba, shamba lako nalionea wivu," alimwambia mkulima yeyote, naye alicheka, akasema pima tu mama. Mshale ukatulia.

Mavuno yaliyofuata, mdogo wake akaja, mtoto kiunoni.

"Mwone mwenzio, dada. Ana meno mawili."

Kijiba kikapanda. Mama Mizani akafungua mdomo. "Mdogo wangu, mimi..."

"Usiseme. Najua unachotaka kusema. Nimekuja kwa heri, dada. Leo tu, usiseme."

Angekataaje? Mwaka mzima aliusubiri uso ule umchekee tena. Akameza.

"Mzuri," akasema. "Mzuri sana."

Mtoto akageuza shingo. Akatazama nyuma ya magunia, pasipokuwa na mtu, akatabasamu, akanyoosha mikono yote miwili abebwe.