Mbuzi ya Idah

Kila alfajiri Idah Kambi alikalia mbuzi jikoni kwao Kaloleni, akakuna nazi ya mbaazi za mama yake kabla ya kwenda shule. Juzi meno ya mbuzi yalimchana kidole tena. Leo alikuna polepole, huku akiomba, "Mungu wangu, simama nami leo."

Ilikuwa siku ya mahojiano. Kiwanda kimoja cha mafuta ya nazi huko Kilifi kilitaka kufadhili wanafunzi watatu katika chuo cha ufundi: siku tatu darasani, siku mbili kiwandani kwenye mashine. Bila ufadhili huo, masomo ya Idah yangeishia gredi ya tisa.

Katika ukumbi wa hapo Kaloleni, mwenyekiti wa kamati ya ufadhili, Bwana Thuku, aliyehamia pwani mwezi uliopita kutoka bara, alisoma fomu ya Idah akakunja uso.

"Umeulizwa ungependa kutengeneza nini. Umeandika, 'Mbuzi ya umeme isiyokata vidole.' Binti, mbuzi huyu hutengenezwa au huzaliwa?"

Wanafunzi wengine waliokuwa wakingoja waliangua kicheko.

"Meee!" akalia Mwaro, mwanafunzi wa darasa lake.

"Si huyu, mzee," alisema Idah. "Ni hii."

"Hapa si ofisi ya mifugo. Futa, uandike kitu cha maana."

"Sifuti. Ndilo jina lake."

"Basi nenda. Anayefuata!"

"Naenda, lakini narudi."

Alikimbia nyumbani, hatua chache tu kutoka hapo, akarudi na nusu ya nazi mkononi na kigoda chenye ulimi wa chuma begani. Akakiweka chini mbele ya meza.

"Hii ndiyo mbuzi. Tafadhali, mzee, ikalie ukune."

Bwana Thuku aliketi, magoti yakampanda kifuani. Alikuna mara mbili, mara ya tatu mkono ukateleza.

"Aaah!"

"Pole sana, mzee." Idah alimpa kitambaa chake. "Mama yangu ana makovu kumi na moja. Nimeyahesabu."

Akakunjua mchoro wake: mbuzi yenye mota na kinga ya bati. Mwalimu Kenga wa karakana ya chuo aliutazama kwa makini.

"Mota hii itakuwa na nguvu kiasi gani?"

"Sijui, mwalimu. Hilo ndilo nataka nifundishwe."

Mwalimu Kenga akatabasamu. Bwana Thuku, kidole kikiwa kimefungwa, aliirudisha fomu mezani akaitia sahihi ya kumkubalia Idah ufadhili.

"Nimekosa mimi," alisema. "Nilicheka kabla ya kuuliza. Sikilizeni, watoto: kazi unayoijua kwa mikono yako usiione haya, wala usiibadilishe jina ili kumpendeza mkubwa. Mweleze mpaka aelewe. Na usilolijua, sema hulijui, kama Idah." Akamgeukia Mwaro. "Na wewe uliyelia mee, kwenu nazi mnakunia nini?"

Mwaro akainamisha kichwa. "Mbuzi, mzee."

Idah akaiweka mbuzi yake begani, akatoka akimshukuru Mungu kwa sauti.