Ghanim na Salamu za Barabarani

Ghanim bin Hamud alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu hiyo nusura iue mtu Kariakoo.

Baba yake, mwenye duka la mchele, alikuwa amenunua lori. "Ukipata leseni, utaliendesha wewe," alimwambia. "Ukishindwa, naajiri dereva, nawe utarudi kupima mchele."

Kupima mchele! Kwa Ghanim hiyo ilikuwa adhabu ya kaburi. Basi kila asubuhi alifundishwa na Bwana Mwinyimvua, dereva wa siku nyingi wa mtaa wa Gerezani.

Siku moja walipita karibu na soko. Bibi Mwanamkuu alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo, bibi!" Ghanim akageuza shingo.

"Marahaba, baba. Mama hajambo?"

"Hajambo, bibi. Na wajukuu, je?"

"Breki!" Mwinyimvua akapiga kelele.

Wapi! Lori lilikwisha kupanda fungu la nazi. Mwenye nazi aliruka kando, akatukana mpaka matusi yakamwishia, akaanza upya.

"Sasa nimpite mtu mzima bila salamu?" Ghanim akanung'unika, huku akiokota nazi.

"Na ungemkanyaga huyu, ungemsalimu nani?" Mwinyimvua alikuwa amekasirika. "Ukishika usukani, macho ni ya barabara. Hatari haipigi hodi, lakini dalili hutangulia. Ukiona mpira, jua mtoto anaufuata. Punda akisimamisha masikio, huenda akaruka. Punguza mwendo mapema, usingoje kushtuka. Salamu utatoa ukisimama."

Siku ya mtihani, askari wa trafiki alikaa kando ya Ghanim kumpima. Mtaa mzima ulikuwa nje kutazama.

"Ghanim! Ghanim!" Shangazi yake, Mauza, alipunga kanga mlangoni kwake. "Hata salamu, mwanangu? Umeshakuwa mkubwa!"

Masikini Ghanim! Jasho lilimtoka, shingo ikamwasha. Lakini macho yalibaki mbele.

Mara chungwa likabiringika kutoka uchochoroni. Ghanim hakungoja kuona la pili. Akakanyaga breki, lori likasimama. Papo hapo mtoto akachomoka mbio, akaliokota chungwa lake, akaanza kulimenya palepale katikati ya barabara.

Alikuwa mjukuu wa Mauza.

Mauza alikuja mbio, akamkumbatia mtoto, akalia. Askari akaitikia kwa kichwa. "Leseni umepata, kijana."

Ghanim akazima injini, akageuka. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," Mauza akasema, akijifuta machozi. "Na kesho ukipita hapa, ole wako unisalimu!"